Maji ya Kisima cha Bethlehemu

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Somo: 2 Samweli 23:13-17)

Natumaini mmeamka salama, ninyi wa Kitengela mnaojiandaa kwenda viwandani Mto Athi, na ninyi wa Ilbissil na Namanga ambao mmekwisha kufungua mazizi kabla jua halijapanda.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, wala halitajwi katika Biblia kwa jina lake. Ni habari ya mtu mzima, mwenye afya, kukatwa sehemu ya ini lake akiwa hai, ili apewe ndugu yake mwenye ugonjwa wa kansa. Swali hili hutufikia sisi wachungaji baada ya ibada, watu wakiisha kutawanyika, na kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini: "Mchungaji, nikikataa, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Natuseme yuko mzee mmoja mwenye boma upande wa Kisaju. Anaugua kansa ya ini. Madaktari wamemwambia kwamba dawa haitatosha, lakini huenda akapona akipata ini jingine. Ukoo umekutana chini ya mti. Watoto watatu wamepimwa damu, na mmoja tu ndiye damu yake inayolingana na ya baba. Ni kijana wa miaka 26, mfanyakazi wa kiwandani, ana mke na mtoto mchanga katika chumba cha kupanga huku Noonkopir. Wazee wanasema. Kaka zake wanasema. Kisha mjomba anafunga kikao kwa maombi, na katika maombi yale anamshukuru Mungu kwa ajili ya kijana huyu aliyekubali kumwokoa baba yake. Wote wanaitika Amina. Kijana hakuwa amesema neno hata moja.

Mfano huu nimeutunga mimi, lakini nadhani wengi wenu mmewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, hata kama neno lililozungumzwa lilikuwa shamba au mahari.

Kabla ya kutafuta Maandiko yanasema nini, yatupasa kulijua jambo lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, nalo liko upande wa kuume chini ya mbavu. Husafisha damu, hutengeneza nyongo, huweka akiba ya chakula. Figo zikifa iko mashine inayoweza kumsafishia mtu damu mwaka hata mwaka, lakini ini likifa hakuna mashine ya kulifanyia kazi yake kwa muda mrefu. Hata hivyo Muumba ameliwekea ini jambo la ajabu, kwamba likikatwa hukua tena. Mtu mzima akimpa mtu mzima mwenzake, madaktari huchukua upande wa kuume, ambao ni karibu sehemu 60 katika 100 za ini lote. Baada ya miezi miwili au mitatu sehemu iliyobaki kwa mtoaji na ile iliyopandikizwa kwa mpokeaji huwa zimekaribia ukubwa wa ini kamili.

Wengi wakisikia hivyo husema, basi kuna shida gani, si litamea tena kama nywele? Ndugu zangu, hapana. Upasuaji huu ni mkubwa. Katika uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Marekani, karibu watu 4 kati ya kila 10 waliotoa ini walipata tatizo fulani, kama vile nyongo kuvuja, usaha, au mshono kuachia, ingawa mengi yalitibiwa yakaisha. Na wapo waliokufa. Hesabu ambayo madaktari huitaja kwa upande ule wa kuume ni kifo kimoja katika watoaji 200 hadi 500. Wale ni watu waliokwenda hospitali kwa miguu yao wenyewe, bila kuumwa na kitu chochote.

Tena hata yule ambaye mambo yake yamekwenda vizuri atakaa hospitalini kama juma moja, na kwa miezi miwili au mitatu hatainua mzigo. Kwa mtu wa ofisini mwenye likizo ya malipo, hiyo ni habari moja. Kwa kijana wa kibarua wa Kitengela, ambaye asipofika kazini halipwi, ni kodi ya nyumba na maziwa ya mtoto.

Madaktari wenyewe hawakuliingia jambo hili kwa wepesi. Majaribio ya kwanza yalifanywa mwishoni mwa mwaka 1988 katika nchi ya Brazil. Mwezi Julai 1989 daktari Russell Strong wa Brisbane, Australia, alifaulu kumpandikizia mtoto sehemu ya ini la mama yake. Kule Chicago, Marekani, daktari Christoph Broelsch na wenzake walifanya kitu kinachonipendeza sana. Kabla ya kumgusa mtu kwa kisu, walikaa na watu wenye kuchunguza mema na mabaya katika kazi ya uganga, wakaandika hadharani mwezi Agosti 1989 kwa nini wanadhani ni halali kufanya hivyo, na kwa masharti gani. Ndipo mwezi Novemba mama mmoja aitwaye Teresa Smith akampa mtoto wake, Alyssa, sehemu ya ini lake. Mtoto alipona. Lakini katika upasuaji ule bandama la mama liliumizwa, ikabidi liondolewe.

Kisha ilikuja siku ya msiba. Januari 2002, mjini New York, mwandishi wa habari Mike Hurewitz alimpa mdogo wake zaidi ya nusu ya ini lake. Siku tatu baadaye yule aliyetoa akafa, na yule aliyepokea akaishi. Hospitali ilisimamisha upasuaji wa namna ile, na baada ya hapo sheria zikakazwa, hata kila mtoaji akawekewa watu wa kumtetea yeye peke yake, wasio na kazi ya kumtibu mgonjwa. Mimi humfikiria yule ndugu aliyebaki. Tangu siku ile aliamka asubuhi na uhai wa kaka yake ndani ya mwili wake.

Na hapo ndipo tunapofika katika somo letu. Daudi yumo pangoni Adulamu, wakati wa mavuno, na Wafilisti wameweka askari wao Bethlehemu, mji wa kwao. Ana kiu. Anaugua kwa kutamani maji ya kile kisima kilicho penye lango la mji alikokulia. Angalieni vizuri, hakumwamuru mtu. Alitamani tu kwa sauti. Lakini mashujaa watatu walisikia, wakapenya katikati ya adui, wakateka maji, wakamletea. Naye Daudi alipokipokea chombo kile hakuweza kunywa. Akayamwaga mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Wahubiri wengi hupenda kusifu wale mashujaa watatu, nami nawasifu. Lakini mimi husimama zaidi juu ya ule ugouzi wa Daudi, yaani lile neno alilolisema bila kuamuru. Mkubwa akiugua, wadogo husikia amri. Baba anaposema kitandani, "Laiti ningepata mtu," hajamtaja mwana yeyote, lakini kila mwana amesikia jina lake. Katika Kajiado jambo hili lina nguvu zaidi, kwa maana Wamaasai hulea watoto wao katika heshima wanayoiita enkanyit, na kijana aliyelelewa vizuri hawezi kumtazama mzee usoni na kumwambia hapana. Heshima hiyo ni njema, wala sitaki ife. Nasema tu kwamba pale ambapo hapana haiwezi kutamkwa, ndiyo nayo hatuwezi kujua kama ni ndiyo.

Watu hunijibu kwa Yohana 15:13, pale Bwana Yesu anapofundisha kwamba hakuna upendo ulio mkubwa kuliko wa mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki. Ni kweli na ni Neno la Mungu. Lakini Bwana alikuwa akisema habari ya uhai wake mwenyewe. Hakumshika Petro mkono akamsukuma msalabani. Na katika sura ya 10 ya Injili hiyo hiyo amekwisha kueleza kwamba uhai wake hakuna anayemnyang'anya, bali yeye anautoa kwa hiari. Andiko hili ni la mtu kujisomea mwenyewe, amepiga magoti. Ukilichukua na kumsomea mwenzako ili alale chini ya kisu, umeligeuza kuwa kamba. Hata Anania, katika Matendo 5, Petro alimkumbusha kwamba shamba lilikuwa lake, na baada ya kuliuza fedha zilikuwa bado katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo, wala si kubakiza.

Basi yule anayeuliza kwa sauti ya chini namjibu hivi: hapana, ndugu yangu, hukutenda dhambi. Kumheshimu baba ni amri. Kumpa ini si amri. Ukilitoa kwa moyo mkunjufu, umefanya jambo ambalo malaika watalitazama. Usipolitoa, kiti chako katika nyumba ya baba yako na katika kanisa kibaki pale pale.

Nimesema habari ya kansa, na hapa pana jambo linalotofautiana na magonjwa mengine ya ini. Ini jipya humsaidia mgonjwa wa kansa iwapo tu ugonjwa haujatoka nje ya ini. Mwaka 1996 madaktari wa Milan, Italia, walionyesha kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao ni mmoja usiozidi sentimita 5, au mitatu isiyozidi sentimita 3 kila mmoja, nao haujaingia katika mishipa ya damu wala kusambaa mwilini, karibu 75 katika 100 waliishi miaka minne baada ya kupandikizwa. Vipimo hivyo bado vinatumika kama msingi. Lakini uvimbe ukiwa mkubwa, au ukiwa umesambaa, kansa hurudi katika lile ini jipya, na dawa anazokunywa mpokeaji maisha yake yote ili mwili usilikatae ini huweza kuipa kansa nafasi. Kwetu hapa wagonjwa wengi hufika hospitali wamechelewa, tumbo limekwisha kujaa maji.

Ndipo unaona kishawishi kilipo. Ini la marehemu hugawiwa na hospitali kwa foleni, na yule ambaye kansa yake imezidi hupitwa. Lakini ini la mwanangu si la foleni, ni langu mimi kumpa nimtakaye! Hivyo familia huweza kusema, hata kama daktari anaona nafasi ni ndogo, sisi tutajaribu. Mimi siwezi kuwawekea ninyi kipimo cha sentimita. Naweza kusema hivi, kwamba mtoaji ana haki ya kuambiwa ukweli wote juu ya ugonjwa wa mpokeaji kabla hajatia sahihi. Mara nyingi nimeona familia zikimficha mgonjwa hali yake, na kuwaficha vijana pia, kwa kusema tusiwavunje moyo. Kumwomba mtu ini huku umemficha kwamba kansa imefika mapafuni ni wizi, hata kama mwenye kuiba ni mama mzazi.

Sheria zipo, nazo si adui wa imani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka upandikizaji ufanywe katika hospitali iliyoidhinishwa, kwa idhini ya maandishi ya daktari msimamizi, ambaye mwenyewe hatakuwa kiongozi wa upasuaji huo. Kulipisha fedha kwa kiungo cha mwanadamu ni kosa, na adhabu yake huweza kufika shilingi milioni 10 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret, baada ya waandishi wa habari kueleza kwamba vijana maskini walikuwa wakiuza figo zao. Kwa ini, Wakenya wengi wamesafiri kwenda India, ambako sheria ya mwaka 1994 inataka mtoaji na mpokeaji wathibitishe ujamaa wao, na kamati humhoji mtoaji. Kijana wangu wa Noonkopir huenda akaulizwa kwa mara ya kwanza, "Je, wewe mwenyewe wataka?" akiwa Delhi, na watu asiowajua, baada ya kanisa lake kuchanga nauli.

Liko jambo jingine linalofanywa na hospitali nyingi. Mtu akimwambia daktari faraghani kwamba anaogopa na hataki, daktari huiambia familia kwamba mtu huyu hafai kutoa, bila kueleza sababu. Wengine wameniuliza kama huo si uongo. Nimefikiri sana juu ya Shifra na Pua, wale wakunga wa Kutoka 1 waliowaacha hai watoto wa Waebrania, na jinsi Mungu alivyowatendea mema. Kwa maoni yangu daktari huyu hasemi uongo. Mtu anayelala juu ya meza ya upasuaji huku moyo wake umekataa kweli hafai, hata kama damu yake inalingana. Kinachonikata maini mimi ni kwamba daktari wa mbali, pengine asiyemjua Kristo, analazimika kumficha mtoto wetu ili sisi ndugu zake tusimle nyama.

Sasa neno kwa makanisa. Sisi tunajua kuchanga. Kiangazi kilipoua mifugo ya Kajiado mwaka 2009, na tena 2022, kila mtu aliona jinsi watu wanavyotafutiana mtamba wa kuanzia tena. Mtamba unaweza kuombwa kwa kila mtu, na fedha za harambee zinaweza kutangazwa madhabahuni. Ini lisitangazwe. Mchungaji asisimame Jumapili na kusema tunamtafuta mtu wa damu fulani, wala asimtaje kwa sifa yule ambaye bado anapimwa, kwa maana sifa hizo humfungia mlango wa kurudi nyuma. Mtoaji anaweza kubadili nia hata asubuhi ya upasuaji, naye asikute gari la kanisa limemngojea nje kama gari la polisi.

Na mke wake? Mtu akitaka kuuza shamba la familia hapa Kajiado, sheria inadai mkewe akubali. Paulo anatuambia katika 1 Wakorintho 7 kwamba mwili wa mume si wake peke yake. Siamini kwamba andiko hilo linampa mke nguvu ya kumzuia mumewe asimwokoe babaye, lakini linampa haki ya kuwa pale chini ya mti, si kupikia wageni jikoni huku mwili wa mumewe ukijadiliwa. Tukichanga fedha, basi sehemu moja iwe ya nyumba yake: kodi ya miezi mitatu, chakula, na nauli ya kwenda kliniki, maana vidonda vya mtoaji navyo hutazamwa. Nimeona harambee zilizomnunulia mgonjwa tiketi na kumsahau mtoaji.

Tena tusingoje mpaka tuombane maini. Homa ya ini aina ya B ni chanzo kikubwa cha kansa hii, na chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo na aende apimwe. Na mahindi yaliyoota ukungu yana sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 katika Makueni, jirani zetu, na Kitui na wilaya za karibu, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Kiasi kidogo chake kikiliwa miaka mingi huleta kansa. Mahindi ya namna hiyo usimpe hata ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita katika maziwa.

Nirudi kwa mzee wa Kisaju. Yeye naye ana neno la kusema, kama Daudi alivyokuwa nalo. Sisemi kila mgonjwa amwage maji. Yapo maji yaliyoletwa kwa furaha, na kuyakataa kungekuwa kumtukana aliyeleta. Lakini baba anaweza kumwita mwanawe peke yake, jioni, mjomba akiwa ameondoka, na kumwambia: "Mwanangu, nilisikia maombi ya mjomba wako, lakini sauti yako sikuisikia. Nenda nyumbani kwa mke wako. Ukirudi na hapana, utanikuta mimi ni baba yako." Naye mzee wa kanisa aliyekuwapo katika kikao kile anaweza kumsindikiza kijana mpaka barabarani, amwulize, kisha anyamaze muda wa kutosha ili asikie jibu.

Tuombe. Baba uliye mbinguni, waangalie wagonjwa wa ini waliolala katika wodi za Kajiado na Nairobi asubuhi hii, na walio ugenini India. Aliyesema ndiyo umshike mkono mpaka aamke. Aliyesema hapana umrudishe mezani kwa baba yake, na watu wa nyumbani wamsogezee kiti. Katika jina la Yesu, Amina.